Jumamosi ya Mwisho Gisenyi

Ratiba ya siku ya mwisho ilisema: asubuhi huru mjini Gisenyi, ununuzi wa zawadi, saa tano kuondoka. Ratiba ya namna hiyo ingeweza kupangwa na sisi Watanzania tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na Jumamosi hiyo Rwanda nzima hufanya umuganda: maduka hufungwa, magari na pikipiki husimama, watu hutoka na majembe kutengeneza mitaa yao mpaka saa tano. Kwa hiyo asubuhi yetu huru tuliianza tukiwa tumekwama kwenye bustani ya hoteli, watu wazima wenye fulana za rangi moja, tukilitazama Ziwa Kivu kama wanafunzi walionyimwa mapumziko.

Wengine walikosa vikapu na kahawa. Mama yangu alikosa mtu.

Mtu huyo alikuwa jirani yetu Karagwe nilipokuwa mdogo, mkimbizi kutoka Rwanda aliyelea watoto wake upande wa pili wa uzio wetu wa minyaa. Yeye na mama walilima pamoja, wakagombana pamoja, wakazika pamoja. Kisha, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akarudi kwao. Tangu hapo ni simu tu, na mama husema simu haina mikono. Sasa mama anaishi nami Dar es Salaam, magoti yanamsaliti, na nilijua safari ya pili haitakuwapo. Ndiyo sababu nilijiunga na kundi hili, mimi niliyewahi kuandika makala ndefu ya kuwacheka watu wanaosafiri kwa kufuata kibendera.

Rafiki yake anakaa Rugerero, pembeni tu ya mji. Alikuwa aje hotelini kwa pikipiki asubuhi hiyo. Tulipomaliza chai akapiga simu: hakuna pikipiki. Zingerudi barabarani saa tano, saa ileile ya basi letu.

Nilimwendea kiongozi wa safari, mama mmoja mkakamavu aliyeniita mwalimu kwa sauti ya kumwita mwanafunzi.

"Tusubiri kidogo tu," nikamwomba.

"Mwalimu, ndege ya jioni Kigali haisubiri. Na kundi ni kundi."

"Ni mtu mmoja tu anayetaka kumwona."

"Kila mtu ana mtu wake mmoja. Nikianza na wako, nitamaliza na wa nani?"

Hoja ilikuwa nzuri. Nilikuwa naijibu kwa mtindo niliofundishwa chuo kikuu, yaani kwa kuhesabu kwanza, pili, tatu, nilipomwona mama yangu anavuka geti, mkoba mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Wamezuia magari. Miguu yangu ni gari?"

Tukaenda. Lami yote ilikuwa yetu. Kila nilipomwambia tupumzike, alijibu kwamba kama nimechoka niseme. Tulipokaribia Rugerero tukakuta watu wanazibua mtaro. Mwanaume mwenye buti za mpira akatuzuia kwa tabasamu, koleo na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka.

"Bonjour, muzee. Leo ni umuganda, batu yote iko kwa kazi. Nyinyi munatembea tu?"

"Sisi ni wageni," nikasema.

"Na mugeni hakulangi?"

Mtaro mzima ukacheka: kwani mgeni hali chakula? Mama akamweleza anakokwenda, kwa nani, na tangu lini hajamwona. Mwanaume akavua kofia.

"Bon. Mama apite, huyu dada atamusindikiza. Lakini we, baba, uko na nguvu. We utabakia hapa."

"Mchukueni," mama akasema, tayari keshaanza kutembea. "Tena mumkazanie. Nyumbani hashiki jembe."

Nikapewa koleo. Nilifanya kosa la kujitambulisha kuwa mwandishi.

"Muone huyu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Anachimba sawa mutu anaandika na kalamu!"

Matope yalikuwa yamefika kwenye soksi simu ilipoita. Kiongozi wa safari.

"Mwalimu, mko wapi? Mizigo imeshapakiwa."

"Niko mtaroni."

"Mtaro gani tena? Sikiliza, barabara ikifunguliwa tu, naondoka."

Wiki nzima nilikuwa nimemwomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Nilikuwa nimepanga mstari, nimehesabiwa kama mbuzi kila tulipopanda basi, na nimepiga picha pale nilipoambiwa nipige. Niliwaza tiketi za ndege. Niliwaza pia jinsi mama alivyovuka geti lile bila kuaga.

"Ondoka," nikasema.

"Unasemaje?"

"Teremsha mabegi yetu, uyaache mapokezi. Uwe na safari njema."

Nikakata simu. Ningependa kuandika kwamba nilijiona shujaa, lakini nilisimama na koleo langu nikikokotoa bei ya tiketi mpya.

"Kazi, baba!" akaniamsha yule wa buti. Nikachimba. Nadhani nilichimba vizuri.

Kazi ilipokwisha nilielekezwa nyumba yenye mlango wa bluu. Njiani nilijiandaa kwa machozi. Nilikuta vikongwe wawili mkekani, miguu imenyooshwa, wanachambua maharage na kugombana.

"Yule kuku alikuwa wangu," mama alisema.

"Alitagia kwangu."

"Kutagia kwako hakumfanyi wako!"

Mwenyeji akainua macho, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye matope.

"Huyu ndiye yule? Mbona amefupika? Kaa, mwanangu. Basi lenu linaondoka saa ngapi?"

Mama aliendelea kuchambua, lakini vidole vyake vilipunguza mwendo.

"Limeshaondoka," nikasema.

Mama akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. Hakunishukuru, wala hakuuliza tutarudije.

"Ungekuja kuniambia twende," alisema, "ungerudi peke yako. Mpe ungo na yeye."