Mwalimu Phelister Aenda Kuona Nyangumi

Mwalimu Phelister Nabiswa alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja katika shule za Eastlands, Nairobi, na kosa lake kubwa aliligundua akiwa ameshastaafu.

Zamani, msichana wa darasa la sita aliyeitwa Ruqiyo aliandika insha kwamba mjomba wake, baharia, aliona nyangumi wakiruka juu ya maji karibu na Watamu. Mwalimu alikuwa amesoma kitabuni kuwa nyangumi ni wa bahari za barafu tu. Akaandika "Uongo" kwa wino mwekundu, kisha akaisoma insha ile mbele ya darasa. Watoto walicheka mpaka kengele ikalia.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, alikuwa akikatakata mboga ya sukuma nyumbani kwake Jericho aliposikia redioni kwamba kila mwaka nyangumi wenye nundu husafiri kutoka kusini kabisa mwa dunia, kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu ya huku kwetu, na wengi huonekana Watamu. Aliweka kisu chini. Sukuma ile haikupikwa.

Alimtafuta Ruqiyo juma zima, akiulizia kwa wanafunzi wake wa zamani, mpaka akaelekezwa kwenye duka la vitambaa kule Isili. Alimkuta sasa ni mama wa watoto watatu, akipima pazia. Mwalimu hata hakuketi. Alimweleza alichosikia, akamwomba msamaha.

Ruqiyo alimaliza kwanza kukunja kitambaa. Alisema kwamba tangu siku ile hakumwamini tena mjomba wake kwa lolote, na mjomba mwenyewe alishafariki.

"Na wewe, Mwalimu," akauliza, "umewaona kwa macho yako?"

"Sijawaona."

"Basi leo unaniambia ya redio. Siku ile uliniambia ya kitabu."

Mwalimu alirudi Jericho na maneno hayo, akaamua kwenda Watamu. Mwanawe Kweyu, anayeishi Kayole, alijaribu kumzuia: magoti yake si ya kupanda boti, na nyangumi wamejaa kwenye simu. Mwalimu alimjibu kwamba hakuwa akimwomba ruhusa.

Agosti ikamkuta Watamu. Siku ya kwanza upepo wa kusi ulilitupa boti huku na huku, akatapika mpaka tumbo likawa tupu, na walichoona ni pomboo tu. Siku ya pili bahari ilichafuka zaidi, hakuna boti lililotoka. Jioni hiyo ndipo alipopaswa kusafiri kurudi Nairobi. Akaiahirisha safari. Asubuhi ya tatu nahodha alimtazama, akamshauri kwa upole abaki ufukweni.

"Nahodha, mimi sikuja kuoga," alisema. "Nionyeshe pa kukaa."

Akaketishwa katikati ya boti, akaambiwa akaze macho kwenye upeo wa bahari. Walizunguka kwa muda wa saa tatu hivi. Abiria wengine walikuwa wameshaanza kuuliza habari ya kurudi, nahodha alipozima injini na kunyoosha mkono.

Mvuke ulipanda kutoka majini, mara mbili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kisha mgongo mweusi ukajikunja taratibu, na ubavuni mwake mgongo mwingine mdogo. Alikuwa mama na mwanawe. Mama alilala ubavu, akainua pezi refu lenye weupe chini yake, akalipiga majini; kishindo kikachelewa kidogo kufika. Mtoto akachomoka mzima hewani, akaanguka vibaya, akachomoka tena. Watu walikimbilia simu zao. Phelister alisimama ameshika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, magoti yakimuuma, na hakukaa mpaka wale wawili walipozama wasionekane tena.

Aliposhuka Nairobi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Isili na begi lake, viatu vikiwa bado na mchanga. Ruqiyo alimwomba mteja wake arudi baadaye, akamvutia Mwalimu kiti, yeye mwenyewe akaketi juu ya jora la kitambaa.

"Anza mwanzo," alisema.

Mwalimu akaanza na habari ya kutapika.