Simbi Hai Kutoka Ndivani

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nataja saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama, na kwa sababu msikilizaji wa kisa cha namna hii hutegemea giza. Giza halikuwepo. Jua lilikuwa limetoka, na chini kule Makanya tuliona vumbi jeupe la machimbo ya jasi. Haya yalitokea mbele ya kijiji kizima. Ukipanda huku milimani, waulize watu mmoja mmoja.

Tulikuwa kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, tukizoa tope ndivani. Ndiva ni bwawa linalokusanya maji ya chemchemi usiku ili mchana yashuke mashambani kwa zamu. Kila nyumba hutoa mtu. Isiyotoa hutozwa faini, na ikikosa mara tatu mfululizo huondolewa kwenye zamu ya maji mpaka imalize kulipa.

Mama Nakundwa alikuwa amekosa mara mbili. Ni mjane, goti lake limevimba, na binti yake ameolewa mbali. Maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Bila maji wiki ile yangekauka yote, na hana shamba lingine.

Mwenyekiti wa ndiva, Mzee Senzota, alisimama ukingoni akaanza kuita nyumba. Alipofika kwa Mama Nakundwa alishusha sauti, kama mtu asiyependa jibu analolitarajia.

"Ipo," ikajibu sauti kutoka kwenye tope.

Tuligeuka wote. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, tope limemfika mapajani, anachota kwa karai. Mimi nilidhani ni mjukuu. Jirani yangu alidhani ni kibarua. Hakuna aliyemwona akiingia.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza Mzee Senzota.

"Wa nyumbani."

"Na huko mjini ulikotoka, shikamoo imepigwa marufuku?"

Watu wakacheka. Kijana akanyoosha mgongo, akamtazama mzee bila dharau yoyote.

"Nikuamkie wewe, Kibuyu? Wewe ndiye wa kuniamkia mimi."

Hapo kicheko kililipuka. Mama mmoja aliweka karai chini kabisa. "Kibuyu! Mwenyekiti, jina zuri hivyo ulikuwa umetuficha kwa nini?" Mzee Senzota, ambaye ni mwembamba kama mpini wa jembe, hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, akamwachia katibu kuita nyumba zilizobaki. Nilidhani amekasirika.

Nilifanya kazi pembeni ya yule kijana. Jua lilipokolea, shingo yake ilifanya ukoko mweupe. Jasho huacha chumvi, najua, lakini huacha mistari. Ule ulikuwa na chembe, kama chumvi ya kupikia iliyomwagika. Tulipomaliza alinishika mkono, akaniwekea kitu kidogo kiganjani.

"Mpe mwenyewe. Mwambie nimechelewa."

Nilitazama kiganja. Nilipoinua macho hakuwepo. Mimi ni fundi wa sola, sikuvuka darasa la saba, na nimejizoesha kukagua kabla ya kuamini. Nilizunguka ndiva nzima. Nyayo zetu zote zilitoka kwenye tope kupitia upande mmoja, wa mlango wa maji. Kwingine kote ukingo ulikuwa laini, haujakanyagwa.

Sasa nikueleze kilichokuwa kiganjani. Kilikuwa simbi, yule konokono mdogo wa baharini ambaye gamba lake waganga hulitumia kupigia ramli. Huyu ni wa aina yenye mgongo wa rangi ya maziwa, uliozungushiwa duara jembamba la rangi ya dhahabu. Nilimjua kwa sababu nina kitabu chakavu cha viumbe wa baharini nilichonunua kwenye mitumba pale Same. Kitabu kinasema gamba la simbi hung'aa hivyo kwa sababu konokono mwenyewe, akiwa hai, hutoa nyama nyembamba kupitia ufa wa tumboni, ikalifunika gamba pande zote mbili kama kanga. Akifa, hakuna wa kulifunika tena.

Nilimgeuza. Kwenye ufa, katikati ya vijino, kitu kilijikunja kikarudi ndani. Maji yaliyotoka niliyaonja. Yalikuwa ya chumvi kali. Niambie wewe: simbi hai anafanya nini kwenye maji baridi ya mlimani?

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nakundwa. Alikuwa uani, amefunga kitambaa cha moto gotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu. Wamenifuta?"

Nilimwekea simbi mkononi nikampa salamu kama nilivyoipokea. Kisha ile nyama, nyeusi yenye manyoya madogo, ikaanza kutoka polepole na kulipanda gamba. Kwangu haikuwa imetoka.

"Elinaja," alisema.

Elinaja alikuwa mumewe. Walikuwa wameoana kimila, na walitaka mchungaji aibariki ndoa, ila pete hawakuwa nayo. Akashuka Pangani kuokota magamba ya kuwauzia watalii. Mashua ilizama, mwili haukupatikana. Binti yao, Nakundwa, alikuwa bado ananyonya.

"Aliniambia akikosa ya dhahabu ataniletea simbi mwenye pete mgongoni," alisema mama. "Nikamjibu, gamba tupu usiniletee, mimi si mganga." Akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka.

Mchana kamati ya ndiva ilikaa. Katibu alisema yule mtu hajulikani, hivyo nyumba ile ihesabiwe haikuja. Mzee Senzota akanigeukia.

"Wewe msoma vitabu, umeona nini? Usiongeze."

"Nimeona mtu akizoa tope mwanzo hadi mwisho, kwa jina la nyumba hiyo."

"Nami nitasema langu. Nilikuwa mtoto wa tumbo kubwa. Elinaja ndiye aliyenifundisha kuziba mfereji kwa mgomba, na ndiye aliyeniita Kibuyu. Wengine waliokuwa wakilijua jina hilo nimewazika wote. Nyumba ilitoa mtu. Maji yake yashuke."

Mtu anaweza kupanda basi Tanga na simbi hai ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Hilo nalikubali. Lakini jina la Kibuyu angelitoa wapi?

Kesho yake asubuhi gamba lilikuwa tupu, safi, halina harufu. Aliyewahi kukaa na konokono wa baharini aliyekufa anajua uvundo wake hauishi upesi. Mama Nakundwa amelitungia uzi na hulivaa hata kanisani. Na Mzee Senzota, kila msaragambo, kabla hajaita nyumba hata moja, huliangalia tope na kusema, "Shikamoo." Hakuna anayecheka.

Basi nawe, ukimkuta mtu kazini asiyekuamkia, usikimbilie kumkaripia kwa sababu sura yake ni changa. Muulize kwanza anafanya kazi ya nyumba gani. Na ukipewa kitu umpelekee mwenyewe, kipeleke kingali hai.

Maharage yalizaa. Faini za mama, zile mbili za nyuma, zilifutwa. Jumla, shilingi elfu thelathini.