Alivyoshushiwa Celestine

Celestine alitoka Kenya akavuka mpaka wa Busia vita vya Uganda vilipokwisha, akaja Kampala kuuza mitumba. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua ana sauti isipokuwa majirani zake wa Bukoto, waliomsikia akiimba huku akifua. Mmoja wao alikuwa Odero, Mkenya mwenzake, mpiga kinanda wa hoteli moja mjini. Ndiye aliyempeleka hotelini hapo kuimba muziki wa jazi na soul.

Mwanzoni alikuwa akipiga kelele tu, tusidanganyane. Alidhani kuimba ni kushindana na vyombo. Odero akamfundisha kuvuta pumzi tumboni, kulichelewesha neno mpaka msikilizaji alitamani, na kunyamaza, jambo lililomtoa jasho kwa miaka. Lakini alijifunza. Nywele zilipoingia mvi, watu walisema mama huyu anaimba vizuri kuliko enzi za ujana wake, naye aliwaamini. Mwimbaji gani atakataa sifa?

Kitu kimoja hakujisumbua nacho: majina ya kii, yaani kile kimo cha sauti, juu au chini, ambacho wimbo hupigwa. Alimwambia Odero, "Nipe ile yetu," akapewa.

Kisha Odero akapatwa na kiharusi. Hoteli ikamleta Abudu, kijana fundi kweli wa kinanda.

"Mama, tunapiga kii gani?"

"Ile ya siku zote. Ile iko kwa kaseti yetu ya zamani."

Abudu aliijua kaseti, akaanza. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Wimbo ulipopanda, Celestine aliifuata sauti huko juu asiikute. Akajaribu tena, ikakwaruza, ikakatika. Wageni wa meza za mbele wakainamia sahani zao, na huruma ile ilimuuma kuliko kuzomewa.

Walipomaliza, Abudu alimvuta pembeni.

"Mzee Odero alikuwa anakushushia kii, mama. Nilikuja hapa siku moja nikamwangalia vidole. Ile kii ilikuwa chini sana, si ya kaseti. Kwani hukujua?"

Hakujua, maskini. Abudu alikuwa tayari kumshushia vilevile, na meneja alimpa Ijumaa nyingine ya kuimba. Lakini Celestine hakulala. Sauti kuzeeka angeivumilia. Kilichomtafuna ni zile sifa zote: je, alikuwa amekua kweli, au Odero alikuwa akimbeba mgongoni miaka yote hiyo? Bila kulijua hilo, angepandaje jukwaani?

Asubuhi akaenda Ggaba, nyumbani kwa Odero. Mkewe, Moreen, alikuwa amemketisha kwenye kiti kibarazani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno kabisa, ila macho yalimtambua mgeni.

Celestine akapiga magoti mbele yake. "Odero, niambie ukweli. Ulikuwa unanihurumia?"

Odero akatikisa kichwa: hapana.

Furaha ilimpanda Celestine mpaka akacheka. "Kwa hiyo nilikuwa naimba vizuri?"

Odero akatikisa kichwa vilevile.

Moreen alitoka ndani na kikombe, akasimama mlangoni. "Dada, usiangalie hiyo kichwa. Inatingishika hivyo tangu augue. Hata ukimuuliza kama anataka chai."

Celestine akayashika mashavu ya Odero kwa viganja viwili ili kichwa kitulie, akauliza tena, polepole. Kichwa kikaendelea mikononi mwake, kushoto na kulia, na macho ya Odero yakimtazama tu.