Safari ya Kigali Kumkataza Zuhura Raga

Nilikwenda Kigali kwa sababu mdogo wangu Yusufu alinipigia simu akaniomba nije nimkataze binti yake kucheza raga. Yeye alishasema mpaka akachoka. Mkewe alifariki, Zuhura ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na mwaka jana alivunjika mfupa wa bega uwanjani. "Dada, wewe ni shangazi yake," aliniambia. "Wewe atakusikia."

Tuliondoka Mwanza kwa basi alfajiri. Mpaka Geita nilikuwa nasinzia, na kutoka Biharamulo hadi Rusumo nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia. Mpakani tuligongewa mihuri, basi likahamia upande wa kulia wa barabara, na kwa muda nikawa nashika kiti kila gari lilipokuja mbele yetu. Kisha vikaanza vilima na migomba, kimoja baada ya kingine, nikasahau nusu ya hotuba yangu.

Jioni Yusufu alinipokea kituo cha Nyabugogo akanipeleka kwake Busanza. Ni fundi cherehani, duka lake liko Nyamirambo, na jirani wa kwanza tuliyekutana naye mlangoni alimwita kwa jina la binti yake: Papa Zuhura. Zuhura mwenyewe alinipigia magoti, akanibusu mkono, akaniandalia wali na isombe, kisamvu cha kwao. Alijua kilichonileta. Baada ya chakula aliniomba jambo moja tu. "Shangazi, njoo uone kwanza. Ukishaona, utakalosema nitalishika."

Nikakubali. Yusufu alikataa kabisa kwenda, lakini Jumamosi mchana, nilipovaa viatu, naye alivaa vyake.

Uwanja ulikuwa bondeni, na watazamaji tulikaa kwenye majani ya mteremko. Nisidanganye: mwanzo ule ulinichosha. Wasichana waligongana, wakalundikana, mwamuzi akapuliza filimbi. Timu zote mbili wakainama, wakafungana mabega na kusukumana, wakaanguka, wakaambiwa warudie. Mpira ulipigwa juu, ukarudishwa juu. Nilimwuliza mama aliyekaa kando yangu kama mchezo umeshaanza. Alikuwa mwalimu aliyekulia Uganda, na binti yake alikuwa katikati ya lile lundo. Alicheka sana.

"Mpira inarudi nyuma, lakini watu iko wanaenda mbele," aliniambia. "Angalia hiyo tu. Ingine utaelewa pole pole."

Nikaangalia hiyo tu. Na kweli, macho yakafunguka. Hakuna anayeruhusiwa kumrushia mpira mwenzake aliye mbele, kwa hiyo kila aliye na mpira anamtegemea aliye nyuma yake, asiyemwona. Lile lundo nililoliona fujo lilikuwa watu wakigombea kumpatia mwenzao nafasi. Nikaanza kusogea mbele kidogo kidogo, mpaka sketi ikachafuka majani.

Kipindi cha pili mpira ulimfikia Zuhura pembeni. Sikujua kwamba mtoto wetu anaweza kukimbia vile. Alimpita mmoja, akamyumbisha wa pili, na mteremko mzima ukasimama. Kisha msichana mkubwa wa timu nyingine akamkamata kiunoni, wakaanguka pamoja kwa kishindo tulichokisikia pale tulipokaa.

Zuhura hakuinuka. Yusufu alishuka mteremko mpaka kwenye mstari, akasimama hapo, mikono kichwani. Nikamfuata. Yule aliyemwangusha ndiye aliyepiga magoti kando yake, akamsemesha, akampa mkono akamwinua. Zuhura akajipangusa udongo. Alipomwona baba yake mstarini alishangaa, akamwinulia kidole gumba, akarudi mahali pake.

Yusufu hakurudi kukaa. Muda haukupita nikamsikia akimlalamikia mwamuzi, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kwamba wapinzani wamerusha mpira mbele. Mama mwalimu alinishika mkono tukacheka mpaka machozi. Ni mwaka wa tatu tangu msiba, na sikuwa nimemsikia mdogo wangu akipaza sauti kwa jambo lolote.

Timu ya Zuhura ilifungwa. Baadaye yule msichana mkubwa alikuja na Zuhura kumsalimia Yusufu, wote wawili wamechafuka, wakigawana chupa ya maji.

Nyumbani, Zuhura alikaa mkekani akingoja neno langu. Nilimwambia ukweli: nimekuja kumkataza, na siwezi.

"Bado naogopa," Yusufu alisema. "Lakini nikibaki nyumbani naogopa zaidi. Nitakuwa nakuja uwanjani."

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Nawashukuru Yusufu na Zuhura, pamoja na mama yule ambaye hata jina sikumwuliza. Nilidhani watu huenda uwanjani kusahau waliyonayo nyumbani. Mdogo wangu alikwenda na hofu yake yote, akakaa nayo kati ya watu wanaopiga kelele, na akarudi amepata sauti.