Mkandaji Aliyepumzishwa

Watu wa mtaa ule pale Bagamoyo watakwambia Bi Mwanamkasi alizaliwa na hasira. Waongo wakubwa! Hasira ile wameipika wenyewe, tena wameipika kwa huruma.

Kwa miaka thelathini na ushei, hakuna mzazi aliyerudi mtaani na kichanga asikandwe na Bi Mwanamkasi. Atakuja na kanga yake kuukuu, ataichovya kwenye maji ya moto, ataikamua, atakanda mgongo, nyonga na miguu, huku anamsema mume wa mzazi mpaka mzazi acheke. Uji wa pilipili manga ataupika mwenyewe. Malipo hataki hata kuyasikia.

Kisha mumewe, Mwinyimvua, akafariki. Akakaa eda miezi minne na siku kumi, na majirani, Mungu awalipe, hawakumwacha. Leo wali kutoka kwa Nadhira, kesho muhogo wa nazi kutoka kwa Saida. Eda ikaisha. Akaoga, akabadili nguo, akangoja maisha yarudi. Chakula kiliendelea kuja, na kila aliyekileta alikuwa na neno lile lile: pumzika. Binti yake Adila akipiga simu kutoka Kerege, mama, pumzika. Akishika ufagio, ananyang'anywa, pumzika.

Haya, apumzike mpaka lini? Mtu mzima anakaa kitako tangu alfajiri, hana wa kumfaa, hana wa kumgombeza! Usingizi ukamkimbia. Chakula kikawa hakipiti kooni. Kuna asubuhi alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka adhuhuri, asijue avae cha pili aende wapi.

Kilichomwasha ni vyombo. Kwetu pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu utatia ndimu mbili, utatia fungu la mchicha. Jumanne moja aliangaza jikoni kwake, asione hata sahani moja ya mtu. Chakula chote kilikuwa kikija kwenye vile vibakuli vya plastiki, ukila unatupa. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa alivaa baibui, akavuka uchochoro mpaka kwa Nadhira, na hodi hakupiga.

"Shikamoo, shangazi," akasema Nadhira, mwiko mkononi.

"Marahaba. Sahani zako zimevunjika?"

"Hazijavunjika, shangazi."

"Basi mbona naletewa chakula kwenye takataka?"

Nadhira akababaika. Ni mtu mwema, na ndiyo maana inauma zaidi. "Tulikubaliana wanawake wote. Ukiletewa sahani utataka kuirudisha na kitu, nawe hali yako... Tukaona tusikutie taabuni."

"Hali yangu! Nani kakwambia nimechoka na taabu? Mlimzika Mwinyimvua, nikawashukuru. Mimi mnanizika na pumzi zangu kwa kosa gani? Mnanipa, mnanipa, mnanipa, na mkono wangu mmeufunga! Hata ombaomba wa mlangoni msikitini humwombea dua aliyempa. Mimi hata dua yangu hamna haja nayo?"

Pale pale mtoto mchanga akalia kwenye chumba cha uani.

Bi Mwanamkasi akageuka. "Yule wa nani?"

"Wa mwalimu Paskalina, mpangaji wangu," Nadhira akajibu, macho chini. "Leo ana siku ya sita."

"Nani anamkanda?"

Nadhira akageukia chungu chake, akakoroga.

"Nadhira! Nakuuliza, mzazi anakandwa na nani?"

"Hakuna, shangazi. Mama yake yuko Mahenge, mumewe Vedasto yuko safarini. Mimi sijui kukanda. Tulisema usiambiwe, maana ukijua utakuja."

Ee Mola wangu! Uzazi wa kwanza, ugenini, siku sita hajaguswa mgongo, na mkandaji yuko ng'ambo ya uchochoro anashindwa kuvaa kiatu! Bi Mwanamkasi alimwambia Nadhira maneno ambayo hayaandikiki, kisha akamwamuru abandike sufuria kubwa la maji. Nadhira akalibandika mbio mbio.

Paskalina alikuwa amelala kautazama ukuta, nywele timtim, macho makavu. Mtoto analia pembeni yake na yeye hamgeukii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lala kifudifudi, taratibu."

Akamkanda. Alimkanda huku hasira zinamtoka mdomoni. Akamsema Nadhira, akamsema Saida, akamsema na huyo Vedasto, mume gani anayekwenda safari mkewe yuko kwenye arobaini? Mwalimu akacheka kidogo, na kile kicheko kikageuka kilio kikubwa. Bi Mwanamkasi hakumwambia anyamaze. Akachovya kanga tena, akaikamua, akaendelea.

"Mama," Paskalina akasema, uso kwenye mto, "jana nilitaka nimwache mtoto hapa kitandani, nitoke nisirudi. Sijamwambia mtu."

Mikono ya Bi Mwanamkasi ikasimama. Maji yakawa yanadondoka sakafuni.

"Na mimi jana," akasema, "niliomba nisiamke."

Neno hilo hakuwahi kumwambia hata Adila. Sasa limetoka, na hasira ikampanda upya, hii ikiwa na machozi ndani yake. "Uchochoro mmoja, Paskalina! Wewe huku unakwisha, mimi kule nakwisha, uchochoro mmoja tu! Na watu wema wanapita katikati, kila siku, kwa upole, wasije wakatusumbua!"

Nadhira alikuwa amesimama mlangoni na maji ya pili, ameyasikia yote. Akalitua sufuria, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika.

Bi Mwanamkasi alimsaidia Paskalina kugeuka, akamnyanyua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake. Paskalina akamtazama, kisha akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Na wewe usinililie hapo mlangoni," Bi Mwanamkasi akamfokea Nadhira. "Kunja mikono ya gauni. Njoo ushike mguu huu, nikufundishe."