Madirisha Yaliyokuwa Wazi Ndani ya Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msimamizi wa majengo ya serikali mjini Machakos. Kwa miaka mingi nilipima joto la kila ofisi na kuliandika daftarini. Hakuna mkubwa aliyewahi kulifungua daftari hilo. Kisha akaja msanifu wa majengo, mwanamke kijana, na kompyuta yake. Kabla hata msingi haujachimbwa, alituonyesha jinsi ofisi mpya zitakavyokuwa na hewa baridi hata mwezi wa Februari. Wakubwa wale wale wakampigia makofi.

Niliona kwamba kompyuta ilipiga hesabu zake kana kwamba madirisha yangekuwa wazi mchana kutwa. Makarani wetu huyafunga, kwa kuwa upepo wa milimani hupeperusha karatasi za faili.

“Mzee, kuna jambo nimesahau?” aliniuliza kwa heshima.

“Hakuna, madam. Mashine yako inajua yote.”

Jengo lilipokamilika, makarani walifunga madirisha, wakatokwa jasho, na lawama zikamwangukia yeye. Nilipima joto la vyumba vile na kuliandika kwa mwandiko safi. Jibu nililompa sikuliandika popote, hadi leo.