Mbwa wa Watu Katika Parsele Yetu

Sisi tuliokulia Kasenga, kando ya ziwa, kabla simu hazijaingia kila mfukoni tulijua nyumba kwa harufu zake. Kwa jirani kulinuka sabuni ya mawese, kwa fundi viatu kulinuka gundi, na kwetu, sioni haya kusema, kulinuka mbwa. Mbwa na ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa sababu vichwa vya ndagala ndivyo vilivyowalisha. Tulirudi shuleni tukivua yunifomu mlangoni, tukala bugali na sombe ya jana, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyokwisha kuwa tamu kuliko ya leo, halafu wenzetu wakakimbilia ziwani kuogelea huku mama zao wakipiga kelele juu ya viboko waliomo majini. Mimi na yaya yangu, dada yangu mkubwa Zawadi, tulikuwa na kazi kwanza. Tulikuwa na wageni wa kulisha.

Mama aliuza mandazi bandarini Kalundu. Pale familia zilipanda mashua kwenda Baraka na Kalemie, wamebeba magodoro, kuku, hata mbuzi. Mbwa ndiye aliyekataliwa. Mashua ikishaondoka, alibaki amekaa ukingoni, masikio mbele, akiangalia maji mpaka hakuna tena cha kuangalia. Mama alisema hawezi kukaanga mandazi huku kiumbe kinalia nyuma ya mgongo wake. Basi jioni ulimwona anarudi, beseni tupu kichwani, mbwa anamfuata.

Majirani walimwita Mama Imbwa. Lilikuwa tusi. Yeye akaitika, "Minye hapa!" kama vile ameitwa kanisani kupokea zawadi.

Nyumba ilikuwa na sheria zake. Mbwa wale tuliwalea mpaka wapate kwao, hatukuwa wenyewe. Majina hatukuruhusiwa kuwapa, maana jina angelitoa mwenye kumchukua. Na mwenye kumchukua hakuondoka naye siku ya kwanza, hata angekuwa nani. Alikuja, akakaa, akala tulichokula, akarudi tena, mpaka mbwa mwenyewe amfuate bila kamba. Muuza bia mmoja alifika na mnyororo mpya unaong'aa. Mama akautazama vizuri, akamwambia, "Iko muzuri sana. Enda funga nayo mulango yako."

Mwaka niliokuwa primeri ya nne, Mama alirudi na jike la rangi ya udongo, sikio moja limekunjika. Akanionyesha. "Huyu weye ndiye utamulea. Iko wa kulea, haiko yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikwisha kumpenda.

Yule mbwa aliogopa kila mkono. Alijificha nyuma ya mbao za Baba, ambaye alikuwa seremala, na chakula alikila tu tukiisha kuondoka. Nilijaribu kumwita, nikajaribu kumbembeleza, bure. Siku moja, kwa kuchoka, nikampa mgongo, nikakaa chini nikichambua ndagala na kujisemea somo la shule. Nikasikia pumzi. Halafu kidevu chenye joto kikatua juu ya mguu wangu. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Toka siku ile nilikaa naye hivyo kila jioni.

Shida ni kwamba alikuwa habweki. Watu wa Kasenga walitaka mbwa wa kulinda. Walikuja, wakarusha jiwe kwenye mabati ya uzio kumjaribu, naye akawaangalia tu. "Hii imbwa iko bubu," walisema, wakamchukua mwingine. Mbwa wengine wote wakaisha kuondoka, mmoja akaenda mpaka Sange kwa wakulima wa mpunga, yeye akabaki. Nami nikafurahi kimyakimya.

Ndipo alipokuja mwenye parsele, yaani kiwanja na nyumba tuliyopanga, mzee mfupi aliyependa kusema akiwa amesimama kwenye kizingiti. "Sikujenga nyumba ya imbwa. Mvua ikianza na huyu iko hapa bado, mutatoka pamoja naye."

Mama alisema tu, "Tumesikia, Muzee." Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mawingu yalianza kukaa juu ya milima.

Siku ya soko akaingia mzee mrefu, fimbo begani, viatu vya mpira miguuni. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe kutoka Bijombo, kule juu milimani, ameshuka kuuza siagi. "Mama, nimesikia muko na imbwa hasemi," alisema. "Ng'ombe zangu zimezaa. Imbwa ya kelele inakimbizaka ndama mpaka kwenye bonde. Minye natafuta yenye kunyamaza."

Mama alimpa kiti na bugali. Mbwa hakutoka nyuma ya mbao. Mzee akashukuru, akaenda zake, akarudi siku nyingine ya soko. Hakutoka. Akarudi tena.

Wakati ule maneno kati yetu sisi wa huku chini na watu wa kule juu yalikuwa machungu. Wanawake wakakusanyika kwenye njia. Mmoja akasema kwa nguvu ili asikike, "Mama Imbwa sasa anapeleka imbwa yetu kule juu?"

Mama alitoka na mwiko mkononi. "Yenu? Wakati ilikuwa inalala njaa Kalundu, ilikuwa yenu?"

Njia ikawa nyeupe, kila mmoja akarudi kwake.

Baba alimvuta pembeni. "Umupatie tu. Ule muzee iko muntu muzuri, na mvua ndiyo hiyo."

"Hajamufuata," Mama akajibu. "Nikimufunga kamba leo kwa kuogopa mvua, nilikuwa nalea nini miaka yote?"

Mzee alikuwa ameinama mbele ya mbao, anaita kwa upole, ananyoosha mkono. Nilijua anakosea wapi. Nilijua pia kwamba nikifunga mdomo atachoka, atapanda milima yake, na mbwa atabaki nami, hata kama tutalala wote barabarani. Nilisimama pale. Halafu nikamwona mbwa kupitia upenyo wa mbao. Alikuwa anamtazama yule mzee, anatetemeka, anataka kutoka na hajui njia.

"Muzee," nikasema, "usimuangalie. Mupe mugongo."

Mzee aligeuka kunitazama. Mtu mwenye ndevu nyeupe, ananisikiliza mimi. "Halafu?"

"Halafu uongee tu. Kama vile unaongea na ng'ombe zako."

Akakaa chini, uso ukutani, akaanza kusema kwa lugha ya kwao, chini chini, kama mtu anayekamua. Sikuelewa neno. Mbwa alielewa. Alitoka hatua kwa hatua, akanusa koti, akaweka kidevu juu ya kiatu cha mpira.

Mama alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito kwa namna ninayoikumbuka mpaka leo.

Waliondoka mchana ule, mzee mbele, mbwa nyuma, bila kamba. Hakugeuka hata mara moja. Nililia mpaka kamasi, na katikati ya kilio nikasikia kifua kimejaa, nikajua siyo huzuni peke yake. Aliyekuja kwetu akiogopa kila mkono sasa anapanda mlima na mtu.

Mvua ilipoanza, mwenye parsele alikuta uwanja umefagiwa, hakuna mbwa. Kabla mvua haijaisha wezi walimwibia mbuzi, akaja kwetu kutafuta mbwa. Mama, ambaye alikuwa ameshaleta mwingine kutoka Kalundu, akamkalisha kwenye kiti kidogo, akamwambia arudi tena na tena kama watu wote. Alirudi. Alikula sombe yetu huku goti limegusa kidevu, na mimi na Zawadi tukaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Leo vijana wetu wanampiga mbwa picha, wanaituma kwenye simu na kuandika "maskini, anatafuta nyumba," wanahesabu mioyo myekundu, wanalala usingizi. Mbwa yuko pale pale njiani. Binti yangu anataka mbwa wa manyoya mengi aliyemwona kwenye skrini, na jina la Kifaransa ameshamchagulia. Nacheka, simgombezi. Kila watu na enzi zao.

Lakini Mama alipofariki, parsele yetu ilijaa. Walikuja watu wa tambarare, walikuja watu wa milimani, wakakaa kwenye matanga bega kwa bega, na nilipowauliza wanamjuaje marehemu, kila mmoja alianza kunieleza habari za mbwa. Sisi hatukuwahi kuwa na mbwa wetu hata mmoja. Niliwapokea wote, nikaleta viti, na viti havikutosha.